Kifo cha machimboni na dhima ya mwenye duara

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeweka dhahabu ndani ya ardhi, na akaitukuza roho ya mwanadamu kuliko dhahabu hiyo.

Katika machimbo ya Geita na Shinyanga, kifusi kinapofukia watu, aghalabu husemwa kuwa ni kazi ya Mungu. Sisi tunaiamini qadar. Lakini hatukubali qadar igeuzwe ngao ya mtu aliyekwepa wajibu wake.

Ipo hadithi sahihi ya Abu Huraira (R.A.), katika Bukhari na Muslim, isemayo kwa maana kwamba madhara ya machimbo hayana fidia. Asiyesoma zaidi ataona kuwa mwenye duara ameachiwa huru. Sivyo. Wanazuoni wamefafanua kuwa hukumu hiyo ni ya aliyechimba kwa haki, mahali anaporuhusiwa. Ama aliyechimba kisima katika njia ya watu, au katika ardhi ya mwingine bila idhini, huyo hudaiwa, kwani amevuka mpaka.

Basi tunauliza: aliyeacha kufunga matimba, au aliyeteremsha vijana katika shimo lililofungwa na mkaguzi, hakuvuka mpaka?

Sheria za nchi nazo zimeuweka mpaka huo. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake za usalama. Zinaruhusu ukaguzi, zinaruhusu kusimamisha kazi penye hatari, na zinaweka adhabu.

Mwaka 2015, huko Nyangalata, Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Tulimshukuru Allah. Lakini Januari 2024, huko Ng'alita, Bariadi, katika mkoa jirani wa Simiyu, walikufa watu 22. Viongozi walieleza kuwa eneo hilo lilikuwa limezuiwa kutokana na mvua. Agosti 2025, huko Nyandolwa, Shinyanga, wakafukiwa watu 25. Hatumhukumu yeyote kwa ajali hizo. Hiyo ni kazi ya uchunguzi na mahakama. Tunachosema ni kuwa katazo lisilosimamiwa haliokoi mtu.

Kufunga duara peke yake humwadhibu kibarua, anayekosa riziki ya siku. Ikithibitika kuwa mwenye leseni au mwenye duara alipuuza usalama, yeye ndiye afikishwe mahakamani. Mkaguzi naye akumbuke kuwa saini yake ni amana, na kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji.

Nanyi vijana wetu, msijitie katika maangamizi kwa mikono yenu. Suratul Baqara, aya ya 195, imekataza. Na Suratul Maida, aya ya 32, imefundisha kuwa kuokoa nafsi moja ni kama kuokoa watu wote. Anayesimamisha kazi katika shimo bovu leo, ameokoa nafsi.

Wabillahi Tawfiq.