Chumba cha Bei Rahisi Bondeni

Wazazi wapendwa, kijana wenu aliyekwenda Dar es Salaam amewaletea habari kwamba amepata chumba, tena cha bei rahisi, karibu na kazini. Mmefurahi. Lakini mwulizeni kwanza: maji ya mvua hupita wapi hapo?

Mto Msimbazi waanzia katika vilima vya Pugu, wapita katikati ya jiji, waingia baharini karibu na daraja la Selander. Wakati wa kiangazi ni kijito tu. Ndiyo maana mgeni hudanganyika. Aona bonde pana, kavu, si mbali na soko la Kariakoo, ashangaa kodi kuwa ndogo. Sababu yajulikana na kila mtu ila yeye.

Desemba 2011 ilinyesha mvua kubwa, na mto ukarudi mahali pake. Watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu wakakosa makao. Serikali iliwapa wengi viwanja huko Mabwepande, mbali na mjini. Wengine hawakukaa, nauli iliwamaliza, wakarudi bondeni kwenye tope. Msiwacheke. Mtu alaye leo kwa kazi ya leo hapimi mambo kama sisi wenye mashamba.

Wala kosa si la mvua peke yake. Vilimani kumejengwa, maji hayapati udongo wa kuyanywa. Takataka zimeziba mifereji, na mchanga umejaa mtoni. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kutoa fedha za kutengeneza bonde la Msimbazi, na baadaye watu wakaanza kulipwa fidia ili wahame. Ni jambo jema, lakini jiji lina mabonde mengine.

Kuna kazi nyingine iliyonipendeza zaidi. Tangu 2015, katika mpango uitwao Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi walichora ramani za mitaa, nyumba na mifereji. Tena waliwaendea wenyeji, wakawauliza maji hufika wapi. Elimu hiyo ninyi mnayo. Kijijini nani hujenga panapoota matete?

Basi mkienda kumtembelea, msikae ndani kunywa chai tu. Tokeni mtazame. Je, ukutani kuna mstari wa tope? Kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa saruji karibu na magoti? Hakikuinuliwa kwa urembo! Msimwulize mwenye nyumba, maana yeye ataka kodi. Mwulizeni bibi auzaye vitumbua hapo njiani, mwaka ule maji yalifika wapi.

Na kama kijana hawezi kuhama sasa, vyeti vyake vya shule na cha ubatizo avifunge katika mfuko wa plastiki, avitundike juu karibu na dari. Aijue njia ya kupanda mahali pa juu, aipite mchana kabla ya kuihitaji usiku. Mvua ikizidi asingojee kuokoa godoro. Wala asivuke: maji ya magotini yaendayo kasi huweza kumwangusha mwanamume mwenye nguvu, na mfereji ulio chini yake hauonekani. Simu ya zimamoto na uokoaji ni 114.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Zungumzeni naye kabla.