Istilahi Haiteuliwi kwa Kujumlisha Alama

Niliwahi kuketi katika kamati iliyopewa kazi ya kuteua istilahi za vitabu vya shule. Kila neno lilitiwa alama kwa vigezo kadhaa: ufupi, uwazi wa maana, uwezo wa kunyambulika, kukubalika na watumiaji. Kisha alama zikajumlishwa, na neno lililozoa nyingi likatangazwa mshindi. Tulitoka jioni tumeridhika. Baadhi ya washindi hao sijawasikia tena kinywani mwa mtu yeyote.

Kosa letu halikuwa katika vigezo bali katika kule kujumlisha. Anayejumlisha amekwisha kuamua, bila kusema, kwamba silabi moja ya ufupi ina thamani sawa na maelfu ya watu wanaolielewa neno.

Chukua tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Hatua ya kwanza ni kuliondoa neno linaloshindwa na lingine kwa kila kigezo, maana hilo hakuna uzito utakaoliokoa. Wanauchumi huinasibisha kanuni hii na Mwitaliano Vilfredo Pareto (1848–1923). Kwa kanuni hiyo pekee ngamizi halitoki, kwani lina silabi tatu, ilhali kompyuta lina nne na tarakilishi tano. Hapo yafaa kuweka kiwango cha chini: neno linalomkumbusha msikilizaji kuangamiza halifai, hata liwe fupi namna gani.

Yamebaki mawili, na hakuna linalolishinda lingine kwa yote. Ndani ya tarakilishi zimo sauti za tarakimu na akili. Mwanafunzi aweza kuibashiri maana. Kompyuta halimdokezei lolote, lakini alilijua kabla ya kuingia darasani, na Mtanzania analijua vilevile. Hesabu haiwezi kuamua baina ya fadhila hizo. Sharti mtu aseme anatanguliza nini, na kwa nini.

Mimi natanguliza kueleweka pande zote mbili za mpaka kuliko asili ya mizizi, angalau katika vitabu vya shule. Kwa hiyo nachagua kompyuta, nikijua fika kwamba wenzangu waliolipigania tarakilishi watanuna. Na wanijibu, ila wautaje uzito wanaoutoa wao, wasiniletee jedwali la alama. Hadi tutakapoafikiana, mtahini asimkate alama mtoto aliyeandika kompyuta, wala aliyeandika tarakilishi.