Mbwa wa Lubao unamkagua, mche je?

Ukifika soko la Lubao siku ya mbwa, pale kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, utaona watu wakinunua kwa makini mno. Mnunuzi anaangalia meno, anashika masikio, anamtembeza mbwa kidogo, ndipo atoe pesa. Sasa mtazame mtu huyohuyo akinunua miche ya mikaratusi. Anahesabu tu: kumi, ishirini, hamsini. Weka kwa gunia, ita boda, twende.

Hata mimi nilifanya hivyo. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, mama alinigawia kipande cha shamba, nikapanda blugamu. Hesabu yangu ilikuwa fito na nguzo, pesa ya kuanzia maisha. Baada ya miezi michache majani ya juu yakajikunja na kujaa vinundu. Nikadhani ni jua kali. Kumbe ni nyigu.

Si rahisi kumwona, maana urefu wake ni kama milimita moja tu. Wanasayansi humwita Leptocybe invasa. Asili yake ni Australia, kwao mkaratusi, na hapa Kenya aliripotiwa mwaka wa 2002, huku kwetu magharibi. Jike huweza kuzaa bila dume, kwa hivyo mche mmoja wenye vinundu unatosha kukuletea ukoo mzima shambani.

Sasa shika hili: nyigu huyu hatagi ovyo. Anatafuta sehemu changa. Mayai anayaweka kwenye mshipa wa katikati wa jani jipya, kwenye kikonyo chake na kwenye kijiti laini cha juu. Jani lililokomaa analipita. Ndiyo maana mti mkubwa unaweza kuvumilia, lakini mche unadumaa, kwa sababu karibu mwili wake wote ni mchanga. Hata kisiki ulichokata kikichipua, machipukizi yale ni karamu kwake. Na ukipuliza dawa juu ya jani, mtoto wake amejifungia ndani ya kinundu.

Kwa hivyo ukiangalia majani ya chini pekee, utaambiwa mche ni safi na utaamini. Angalia juu, kwenye ncha. Ukiona vinundu vya kijani au vya rangi ya waridi, rudisha.

Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Sawa, mimi siipingi. Lakini tunahesabu miche inayopandwa, na mche uliodumaa hautakuwa nguzo wala kivuli. Naomba kitalu kinachouza miche kikaguliwe kabla ya kuuza, na sisi vijana tuache kununua macho yakiwa kwenye bei tu.

Kama una dakika tano za kuangalia meno ya mbwa, huwezi kukosa moja ya kuangalia ncha ya mche. Mbwa mbaya utamjua wiki hiyohiyo. Mche mbaya utakula msimu wako mzima kwanza.