Rumonge: Gari la kwanza la kijana na bima isiyolingana na kazi yake

Kijana wa Rumonge anaposema kuwa anatafuta gari, ni nadra awe na nia ya kutembelea tu. Gari hilo linasubiriwa na madumu ya mawese, na ndagala walioanikwa ufukweni, na abiria wanaotaka kufika Bujumbura, takriban kilomita 75 kwa Barabara ya Taifa namba 3. Hata akilinunua kwa jina la matumizi ya nyumbani, kabla ya mwezi kwisha jirani atamwomba amfikishe Minago, kisha atampa kitu mkononi. Gari limekwisha kuwa la biashara, na mwenyewe hajalitambua hilo.

Jambo hili dogo ndilo linaloamua kama bima aliyoilipia itamfaa siku ya ajali au la. Hata hivyo, katika mazungumzo ya vijana wanaochanga fedha, ndilo jambo lisiloulizwa. Swali la kwanza ni bei ya gari. Bima, au asiransi kama wengi wetu tunavyoiita, hufikiriwa kuwa karatasi ya kumwonyesha polisi.

Tuanze na bei yenyewe, maana imebadilika sana. Magari mengi yanayoonekana kando ya ziwa yalitoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, yakapitia bandari ya Dar es Salaam. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari dogo ni asilimia 25, na kodi ya ongezeko la thamani nchini Burundi ni asilimia 18, inayohesabiwa juu ya thamani iliyokwisha kuongezewa ushuru. Kwa hesabu hiyo, gari lililofika mpakani likiwa na thamani ya 100 limefika 147 na nusu kabla ya tozo nyingine kuguswa. Juu ya hayo kuna suala la dola. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, na dola moja ikapanda kutoka takriban faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800. Katika soko lisilo rasmi dola imeuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei hiyo katika miaka iliyofuata. Kijana asiye na njia ya kupata dola kwa bei rasmi huagiza gari lake kwa bei ya soko hilo la pili.

Kwa hiyo wengi hununua gari ambalo tayari liko nchini, na hapo uchaguzi hupungua wenyewe. Toyota Probox na Corolla za zamani zimetawala barabara hii kwa sababu isiyohusiana na uzuri: injini zake ni ndogo, za lita 1.3 au 1.5, fundi wa mtaani anazijua, na kipuri kinaweza kung'olewa kwenye gari jingine lililokufa. Gari la kifahari lililopunguzwa bei ni mtego. Mwenye kuliuza mara nyingi anakimbia kipuri ambacho hakipatikani.

Kuna la kutazama zaidi. Probox iliyobeba samaki kwa miaka mingi huoza sakafu kutoka ndani, na rangi mpya haionyeshi kitu; inafaa kuinua zulia na kuingia chini yake pamoja na fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Namba ya chasisi isomwe kwenye bati na kulinganishwa na ile ya karte rozi, kisha mabadiliko ya umiliki yakamilishwe katika Ofisi ya Mapato ya Burundi, OBR, siku zile zile za mauzo. Anayeendesha gari lililoandikwa jina la mtu mwingine hujiwekea tatizo ambalo halitaonekana mpaka siku ya ajali.

Mafuta nayo yameingia katika hesabu hii kwa namna ambayo wazazi wetu hawakuijua. Tangu mwaka 2021 uhaba umekuwa ukijirudia, na kuundwa kwa kampuni ya serikali ya SOPEBU hakukuondoa foleni mara moja. Gari linaweza kusimama siku nyingi, na mafuta ya madumu yanayovushwa kutoka ng'ambo huuzwa kwa bei inayomeza nauli yote. Kikundi cha vijana kinachopanga marejesho ya mkopo kwa kuhesabu safari za kila siku kimejidanganya. Ni busara zaidi kuhesabu nusu ya siku za mwezi, na kama hesabu hiyo haitoshi kulipa deni, gari hilo bado si lao.

Sasa turudi kwenye bima. Bima ya lazima ni ile ya dhima: inamlipa mtu mwingine aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari lako. Haikulipii wewe gari lako lililobingirika, wala injini iliyoungua, wala gari lililoibwa usiku. Anayetaka kinga hiyo huinunua kando, na kwa gari la zamani kinga hiyo pengine haina faida, kwa kuwa kampuni italipa thamani ya gari kuukuu na si bei ya kulipata jingine. Kwa maoni yangu, kijana mwenye Probox ya miaka ishirini afadhali aweke fedha hizo akiba ya matengenezo.

Lakini katika bima ya dhima asibane matumizi. Nchini Ufaransa sheria inaruhusu kampuni kumtoza dereva mpya nyongeza ya hadi asilimia 100 katika mwaka wa kwanza, na umri na uzoefu ndivyo vinavyomtisha kijana wa huko. Kwetu swali zito zaidi mezani kwa wakala ni hili: gari litatumika kwa kazi gani? Ada ya gari la mtu binafsi ni ndogo kuliko ya gari la kubeba abiria kwa malipo, na tofauti hiyo ndiyo inayowashawishi vijana kutamka neno “binafsi” huku wakijua ukweli.

Tuchukue mfano. Gari lenye bima ya binafsi linatoka Rumonge na abiria watano waliolipa nauli. Karibu na Gitaza, ambako mlima unakaribia sana maji na ambako maporomoko ya Machi 2015 yaliwahi kukata barabara hii, dereva anajaribu kulipita lori. Usukani wake uko kulia kama magari mengi ya Japani, na Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo hawezi kuona kinachokuja mpaka gari zima limekwisha kutoka nje ya mstari. Abiria wawili wanavunjika miguu. Taarifa ya polisi inaandika kwamba walilipa nauli. Hapo kampuni ya bima inapata hoja ya kukataa kulipa, au ya kuwalipa majeruhi kisha kumdai mwenye gari kila faranga iliyotoka. Kijana aliyeokoa sehemu ya ada ya mwaka mmoja anaweza kukabiliwa na deni la gharama za hospitali la miaka kumi, na majeruhi wake huenda ni watu wa mtaa mmoja naye.

Hali ni hiyo hiyo kwa anayemwachia usukani mdogo wake asiye na leseni. Kijana aombe asomewe masharti kwa lugha anayoielewa kabla ya kutia sahihi. Mkataba huandikwa Kifaransa, na si aibu kuuliza. Kampuni ikichelewesha madai bila sababu, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia sekta hii, ARCA.

Wapo pia wanaotazama kusini, kupitia Nyanza-Lac na Mugina hadi Manyovu na Kigoma, ambako wana ndugu na biashara. Bima ya Burundi peke yake haivuki mpaka. Kinachovuka ni Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua ingawa ilikwisha kujitoa katika umoja huo. Kadi hiyo hutolewa na kampuni yako ya bima kabla ya safari, na huandikwa juu ya mkataba ulionao. Kwa hiyo mwenye gari alilolitaja kuwa la binafsi, anayevuka Mugina na magunia ya biashara ya watu wengine, amevuka na shaka ile ile aliyoondoka nayo Rumonge.