MWENYE KIFAFA ASIRUDISHWE NYUMBANI



Mwaka huu nimeona niache mambo ya nidhamu na usafi, maana wenzangu huyaandika kila toleo, niseme juu ya ugonjwa ambao huku Kanja hutajwa kwa sauti ya chini. Nao ni kifafa. Kwa maoni yangu, hakuna mwalimu mkuu mwenye haki ya kumwambia mzazi, "Kaa naye nyumbani hadi apone." Jirani yetu aliambiwa maneno hayo hayo katika shule moja ya msingi. Binti yake ana miaka tisa, na siku hizi kazi yake ni kupika.

Hebu fikirini. Shule iliogopa asianguke darasani, ikamrudisha kwenye mafiga matatu na moto unaowaka! Kati ya sakafu ya darasa na jiko la kuni, ni wapi pabaya zaidi?

Woga huu umetokana na uvumi, ati povu la mgonjwa likikugusa nawe utaanguka. Si kweli hata kidogo. Chembe za ubongo hupelekeana habari kwa umeme mdogo sana, na zikitoa umeme huo kwa pamoja bila mpango, mwili hutingishika. Jambo hili laweza kuletwa na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo au kuumia kichwa. Mara nyingi sababu haijulikani. Lakini kuambukizana, hapana.

Tena si kila kifafa ni cha kuanguka. Kuna mtoto ambaye macho yake huganda sekunde chache katikati ya hesabu, kisha huendelea kana kwamba hakuna kitu. Mwalimu humgombeza kwa kuota mchana. Kuna mtoto mchanga anayejikunja ghafla mara nyingi mfululizo, hasa akiamka, na nyanya husema ni tumbo tu. Huyo apelekwe hospitali upesi, kwa sababu akicheleweshwa akili yake huenda isikue vizuri.

Degedege nayo ni jambo lingine. Huko pwani wako wanaosema huletwa na ndege apitaye usiku. Kumbe huwapata watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano wakiwa na homa kali, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo mtoto apelekwe akapimwe, maana homa yenyewe yaweza kuwa malaria au uti wa mgongo.

Dawa ipo jamani, wala si ya jana. Fenobabitoni imetumiwa kwa kifafa tangu mwaka 1912. Kule Mahenge, Tanzania, ambako wagonjwa walikuwa wakitengwa, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa dawa hiyo ya bei nafuu wengi walipata nafuu. Shirika la Afya Duniani lasema wagonjwa hadi 7 kati ya 10 wangeweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kinachoharibu ni kuacha dawa ghafla mtoto akionekana amepona, au kuhangaika kwa waganguzi mwaka mzima kabla ya kufika hospitali.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haikusema "isipokuwa anayeanguka."

Walimu husema hawajui la kufanya. Basi ni haya, na hata kidato cha kwanza wanaweza. Ondoa madawati karibu naye. Mlaze ubavu, umwekee sweta chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu, usimmwagie maji, na ule ujinga wa kutia kijiko mdomoni uishe, maana humvunja meno. Tazama saa. Zikipita dakika tano bado anatingishika, au akirudia kabla hajazinduka, tafuteni gari la kumfikisha hospitali. Akizinduka mapema, mwacheni apumzike, kisha arudi kwenye dawati lake aendelee na somo.