Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi, TAMISEMI: Msongamano wa Kitete huanzia Choma

Mheshimiwa Waziri,

Msongamano wa hospitali za umma, ule unaowalaza wagonjwa wawili mzungu wa nne katika kitanda kimoja na wengine chini sakafuni, huchukuliwa mara nyingi kuwa upungufu wa majengo ya mjini, na ndiyo maana hujibiwa kwa kuongeza wodi. Barua hii inashikilia kwamba chanzo chake kiko katika kata kama Choma, wilayani Igunga, ambako hukatika ngazi za rufaa, yaani utaratibu wa mgonjwa kuanzia zahanati, kisha kituo cha afya na hospitali ya wilaya, ndipo afike hospitali ya mkoa ya Kitete, Tabora. Mkulima aliyefika mara mbili kwenye dirisha la dawa akaambiwa dawa hakuna, akapewa cheti akanunue dukani, safari ya tatu hasimami tena hapo; huuza gunia la mpunga, akapanda basi, akaenda kurefusha foleni ya mjini kwa homa ambayo ingetibiwa kijijini kwake.

Igunga ina haki ya pekee ya kusikilizwa katika jambo hili, kwa kuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani mpango wa kaya kulipia matibabu kabla ya kuugua, ulijaribiwa wilayani humo mwaka 1996, miaka mitano kabla ya kutungiwa sheria. Kaya ilitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali ikatia kiasi kama hicho kwa utaratibu ulioitwa tele kwa tele. Mpango ulipoenea nchini uanachama ulibaki mdogo, na miongoni mwa sababu zilizotajwa mara kwa mara ni kwamba mwenye kadi na asiye nayo walikosa dawa ileile. Ni vigumu kuwalaumu waliojitoa. Mfuko ulioboreshwa mwaka 2018 ulipandisha mchango hadi shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inaufanya uanachama kuwa wajibu. Wajibu huo ukitangulia dawa, kosa lilelile litarudiwa kwa bei kubwa zaidi.

Kwamba ngazi ya chini inaweza kufanya kazi si ndoto. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, humwezesha mjamzito au mzazi aliyepata dharura kupiga 115 bila malipo, akafuatwa na gari la wagonjwa au, likikosekana, na dereva wa kijamii anayelipwa na mfumo. Hata hivyo, udongo mweusi wa mbuga ukishalowa hakuna dereva anayepita, na barabara, hapo, nayo ni tiba.

Kwa hiyo TAMISEMI inaombwa kuagiza kwamba orodha ya dawa zilizopokelewa kutoka Bohari ya Dawa ibandikwe kila mwezi mlangoni mwa kila kituo, kwamba waganga na wauguzi wa kata za pembezoni wajengewe nyumba kabla ya kupangiwa vituo, na kwamba michango ya bima isianze kudaiwa Choma hadi dirisha la dawa la Choma liwe na dawa.