Dawa ya Magugu Ndani ya Chupa ya Soda: Biashara Hii Tuiache

Ndugu mkulima, na wewe ndugu yangu mwenye duka, leo sianzi na nafasi ya kupandia wala na mbolea ya kukuzia. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na chupa.

Januari, wakati wa palizi ya kwanza, mama mmoja hapa Mishamo aliniita shambani kwake. Alikuwa amechanganya mahindi na maharage, kama wengi tunavyofanya. Magugu yalikuwa yamemzidi nguvu, kijana wake mkubwa yuko shule, na vibarua wanataka fedha mkononi. Akaenda gulioni, akanunua dawa ya magugu nusu lita kwenye chupa ya soda. Aliuliza, "Hii inaua majani gani?" Muuzaji akamjibu, "Yote, mama. We piga tu." Kipimo alichopewa ni visoda vitatu kwa bomba.

Nilipofika, mahindi yalikuwa yamesimama vizuri. Nyasi nazo zilikuwa zimesimama vizuri. Kilicholala ni maharage: mashina yamejipinda kama mkia wa nguruwe, majani yamekunjamana. Ng'ambo ya mpaka, mistari mitatu ya tumbaku ya jirani nayo ilikuwa imeanza kujikunja, maana siku ile upepo ulivuma kuelekea kwake. Jirani huyo alikuwa amekopa mbolea kupitia AMCOS, na mkopo wa mbolea haulipwi kwa pole. Kesi ikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Muuzaji hakuitwa. Chupa haikuwa na jina lake, wala jina la dawa.

Nasema wazi: kumpimia mkulima dawa ya magugu kwenye chupa ya soda, ya maji au ya pombe si kumsaidia mnyonge. Ni kumuuzia hasara, na siku nyingine ni kumuuzia msiba.

Sipingi dawa

Mtu asiende kusema bwana shamba amekataza dawa. Mashamba ya Mishamo yalifunguliwa kuanzia mwaka 1978, kwa shoka, panga na jembe, na familia zilizotoka Burundi mwaka 1972. Wazee wanaojua uzito wa jembe bado tunao vijijini. Palizi ndiyo inayomaliza migongo ya akina mama, ndiyo inayomtoa mtoto darasani, na ikichelewa ndiyo inayokula mavuno. Dawa nzuri ikitumika vizuri inaokoa vyote hivyo. Kwa sababu ni nzuri, ndiyo maana nakasirika ikiharibiwa.

"Inayochagua" maana yake nini?

Dawa za magugu tunaweza kuzigawa katika makundi mawili. La kwanza ni zile zisizochagua, kama glaifoseti. Hizo huua karibu kila mmea wa kijani zitakaougusa, na mhindi wako ukiwemo. Kazi yake ni kusafisha shamba kabla ya kupanda.

La pili ni zile zinazochagua. Mfano unaojulikana sana ni 2,4-D. Inaua mimea ya majani mapana na kuiacha jamii ya nyasi. Mahindi ni jamii ya nyasi, ndiyo maana yanabaki. Dawa hii ilipoingia sokoni Marekani miaka ya 1940 haikuishia kwenye mashamba ya nafaka. Watu waliipiga kwenye nyasi za uwanja wa nyumbani, magugu yafe nyasi zibaki. Hata kwetu, mwenye uwanja wa ukoka mbele ya nyumba, kanisani au kwenye nyumba ya wageni anaweza kuitumia kwa kazi hiyohiyo.

Lakini tusidanganyike na neno "kuchagua". Dawa hii haimjui adui yako. Kwake kishonanguo na haragwe ni kitu kimoja. Karanga, mihogo, viazi vitamu, nyanya, mpapai na tumbaku vyote vina majani mapana, na tumbaku na nyanya huumia hata kwa mvuke kidogo uliobebwa na upepo. Mlenda na mchicha unaojiotea uani, ule mama anaouchuma jioni kwa mboga, nao ni majani mapana. Kwa upande mwingine, nyasi za shambani itaziacha, na ndago itaiunguza juu tu, kisha itachipua tena kutoka kwenye vijiazi vyake vya chini.

Zipo nyingine za mahindi. Nikosulfuroni inaua nyasi nyingi ndani ya mahindi. Atrazini huzuia magugu machanga, lakini hubaki udongoni kwa miezi. Ukiipiga, halafu ukafuatisha maharage mwezi wa pili au wa tatu, yanaweza kuota na kunyauka, nawe ukabaki unamlaumu mwenye mbegu.

Kwa hiyo, anayechagua hasa ni wewe. Unachagua dawa kulingana na zao lako, magugu yako, jirani yako na zao litakalofuata. Na huwezi kuchagua kitu usichokijua jina.

Chupa inaondoa nini?

Angalia lebo ya dawa iliyosajiliwa. Ina jina la dawa na kiini chake, zao inalofaa, kipimo, namba ya usajili, tarehe ya mwisho wa matumizi na huduma ya kwanza. Chini ina mstari wa rangi: nyekundu ndiyo hatari kuliko zote, kisha njano, bluu, na kijani. (Na kijani si ruhusa ya kunawia.) Yote hayo hubaki kwenye dumu la dukani. Wewe unaondoka na maji ya rangi na neno la muuzaji. Hujui kama yameongezwa maji. Hujui kama muda wake umeisha.

Shamba likiharibika, msimu mwingine upo. Lakini kuna hili la pili.

Dawa iitwayo parakwati ilianza kuuzwa mwaka 1962. Ilikuwa na rangi ya kahawia, inafanana na soda, na watu katika nchi mbalimbali wakaihamishia kwenye chupa za vinywaji. Wengine, watoto na watu wazima, waliinywa kwa kukosea wakafa. Watengenezaji walilazimika kuongeza rangi ya bluu, harufu mbaya na kitu cha kutapisha. Hata hivyo funda moja linaweza kuua, na mpaka leo hakuna dawa ya kuiondolea nguvu ikishaingia mwilini. Tusingoje kujifunza upya hapa kwetu jambo ambalo wenzetu walijifunza makaburini.

Mtoto akiletwa kituo cha afya, swali la kwanza la mganga ni hili: "Amekunywa nini?" Matibabu ya sumu moja si matibabu ya nyingine. Mwenye chupa yenye lebo anajibu. Mwenye chupa ya soda anajibu, "Dawa ya majani." Na safari ya kutoka Mishamo hadi Mpanda mjini wakati wa masika mnaijua wenyewe.

"Lakini lita nzima siiwezi"

Hili ndilo jibu ninalopewa kila siku, na ni jibu la haki. Mwenye nusu ekari hana sababu ya kununua lita nzima. Mwenye duka naye anasema, "Wateja ndio wanataka ya kupima."

Sasa tupige hesabu. Chukua mfano wa dawa ambayo lebo yake inasema lita 1 kwa hekta. Hekta ni kama ekari 2.5. Kaya tano zenye nusu ekari kila moja zinamaliza lita hiyo moja bila kubakiza tone. Changeni fedha, nunueni chupa moja iliyofungwa kiwandani, chagueni mtu mmoja anayejua kupiga, na chupa yenyewe iende naye kutoka shamba hadi shamba. Hakuna haja ya kumimina chochote kwenye soda. Na dawa nyingi zina vifungashio vidogo vya kiwandani. Mwambie mwenye duka avilete. Ukitaka kujua nani anafaidika na kupimiwa, zidisha bei ya robo yako mara nne, halafu linganisha na bei ya lita iliyofungwa.

Wengine huniambia, "Tumefanya hivi miaka yote, hakuna aliyekufa." Mama yule naye alikuwa amefanya hivyo miaka yote.

Kwa wenye maduka na wa gulioni

Viuatilifu haviuzwi kama chumvi. Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndiyo inayosajili dawa na kusimamia wanaoziuza. Hii ni biashara ya kibali na ya elimu. Uza dawa ndani ya kifungashio chake. Usiiweke rafu moja na unga na sukari. Mteja akiuliza inaua nini, fungua lebo msome pamoja. Kama hujui, sema hujui. Hutapoteza mteja. Unayempoteza ni yule uliyemuua maharage.

Kwa mkulima

1. Soma lebo, au msomeshe kijana wako akusomee, kabla ya kulipa. Zao lako lisipoandikwa, rudisha. Mahindi yaliyochanganywa na maharage usiyapige 2,4-D hata kidogo. Hapo chukua jembe.

2. Piga mapema. Kwa 2,4-D, mahindi yawe na majani manne hadi manane, hayajapita goti. Ukichelewa, mashina huwa mepesi kuvunjika.

3. Pima kwa kikombe chenye alama, achana na visoda. Kwa mfano wetu wa lita 1 kwa hekta, ekari moja inataka mililita 400. Jaribu kwanza bomba lako kwa maji matupu: likiisha mara tano kwa ekari, kila bomba linapata mililita 80.

4. Piga asubuhi upepo ukiwa umetulia, umande ukiwa umekauka, na hakuna dalili ya mvua kwa saa sita. Upepo ukielekea kwenye tumbaku au bustani ya jirani, ahirisha. Na kabla ya kupiga, mwambie jirani.

5. Vaa buti, suruali na mikono mirefu, glovu, miwani na barakoa. Hatari kubwa ni wakati wa kuchanganya, dawa ikiwa bado kali. Usile wala kuvuta sigara, na ukimaliza oga na ubadili nguo.

6. Bomba lililobeba 2,4-D likiazimwa kesho kupiga dawa ya wadudu kwenye nyanya au tumbaku, mabaki yake yanatosha kuharibu. Suuza mara tatu, maji ya kusuuza yamwage shambani, si kisimani wala mtoni. Vizuri zaidi, kikundi kiwe na bomba la magugu peke yake, lipigwe rangi lijulikane.

7. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, itobolewe, isirudi jikoni kubeba mafuta ya taa wala maji.

8. Mtu akiimeza, usimtapishe kwa nguvu. Mkimbize kituoni, na chupa yenye lebo iende naye.

Na uwanja wa nyumbani?

Hapa nina ukali zaidi. Mabaki ya dawa ya shambani yasimalizikie uani. Uani ndipo mtoto anapotambaa, kuku wanapodonoa na mboga zinapoota. Uwanja wa udongo unataka jembe na fagio, basi. Mwenye ukoka ang'oe magugu kwa mkono kwanza. Yakimshinda, atumie dawa inayochagua ambayo lebo yake inaruhusu kwenye nyasi, mbali na kisima na bustani, na watoto na mifugo wasikanyage mpaka ikauke kabisa. Hesabu tena: lita 1 kwa hekta ni mililita 10 tu kwa uwanja wa mita 10 kwa 10. Haifiki kijiko cha chakula. Sasa fikiria mtu anayemimina chupa ya soda kwenye bomba moja akazunguka nyumba.

Nasi maafisa ugani tuna lawama yetu. Gulio lipo kila wiki, chupa zinapangwa mchana kweupe, tunapita, tunasalimiana, tunaondoka. Kuanzia msimu huu nitaanzia gulioni kabla ya kwenda shambani. Nawaomba wenyeviti na watendaji wa vijiji waliweke jambo hili kwenye mkutano wa kijiji kabla ya mvua za Novemba, siyo baada ya mazishi.

Na wewe, nenda leo ukaangalie stoo, chini ya kitanda, nyuma ya mlango. Ukikuta chupa ya soda yenye dawa usiyoijua jina, usiimwage na usiitumie. Ifunge vizuri, ifungie mbali na watoto, kisha niite nije niitazame. Palizi njema.